Rwanda: Tusiishie Kuhesabu Wanawake Bungeni

Kila ifikapo Aprili, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yanapokumbukwa, makala nyingi kuhusu Rwanda hufunguliwa kwa hesabu ileile: katika uchaguzi wa Julai 2024 wanawake walipata viti 51 kati ya 80 vya Baraza la Wabunge, karibu asilimia 64, na hakuna bunge lolote duniani lililo mbele yake. Hesabu hiyo ni ya kweli, wala haikuja kwa bahati. Katiba ya mwaka 2003 ilitenga viti 24 kwa ajili ya wanawake na kuagiza kwamba wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi. Mwaka huohuo wakapata viti 39, na mwaka 2008 wakapata 45, ndipo kwa mara ya kwanza popote duniani wanawake wakawa wengi kuliko wanaume katika bunge la taifa. Ninachokipinga ni hitimisho linalobandikwa juu ya hesabu hiyo, kwamba Rwanda iliangamia kwa sababu wanawake hawakuwa na elimu wala sauti, na kwamba ilipona walipopewa vyote viwili. Historia ya nchi hiyo haisemi hivyo, na anayeisoma hivyo hataona jinsi shule ilivyokuwa sehemu ya maandalizi ya mauaji, wala hataelewa ni badiliko gani hasa lililomfikia mwanamke wa kijijini baadaye.

Turudi Aprili 1992. Rais Juvénal Habyarimana, akiwa amebanwa na vita vilivyoanzishwa na kundi la waasi la RPF mwezi Oktoba 1990 na pia na vyama vya upinzani vilivyoruhusiwa mwaka 1991, alikubali kuunda serikali ya mseto. Katika baraza hilo la mawaziri walikaa wanawake wawili waliozaliwa katika mkoa mmoja wa Butare, kusini mwa nchi. Agathe Uwilingiyimana, mwalimu wa kemia aliyezaliwa mwaka 1953, alipewa wizara ya elimu ya msingi na sekondari. Pauline Nyiramasuhuko, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyezaliwa mwaka 1946, alipewa wizara ya familia na maendeleo ya wanawake. Wote wawili walikuwa Wahutu, wote walikuwa na waume na watoto, na wote walikuwa wamesoma wakati ambapo msichana aliyevuka darasa la mwisho la shule ya msingi alikuwa anahesabika.

Jambo kubwa la kwanza alilolifanya Uwilingiyimana wizarani lilikuwa kuondoa mgao. Kwa karibu miaka 20 nafasi za sekondari hazikuwa zikitolewa kwa kufuata alama za mtihani peke yake, bali kwa kufuata kabila na mkoa, hivi kwamba mtoto wa Kitutsi alishindania sehemu ndogo iliyotengewa watu wake, na mtoto wa Kihutu kutoka kusini naye alijikuta nyuma ya mwenzake wa Gisenyi au Ruhengeri, kaskazini alikotoka Rais. Waziri mpya aliagiza kwamba aliyefaulu mtihani ndiye apewe nafasi. Muda mfupi baadaye watu wenye silaha walivamia nyumba yake wakampiga. Hakurudi nyuma. Julai 1993 akawa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini humo, na asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, saa chache baada ya ndege ya Rais kutunguliwa, wanajeshi walimuua yeye na mumewe. Askari kumi wa Ubelgiji, wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliotumwa kumlinda waliuawa siku hiyohiyo.

Nyiramasuhuko alibaki waziri katika serikali iliyosimamia mauaji. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa ikikaa Arusha, ilimtia hatiani tarehe 24 Juni 2011 pamoja na mwanawe wa kiume, baada ya kesi iliyochukua miaka kumi, na miongoni mwa makosa hayo ulikuwamo ubakaji wa wanawake wa Kitutsi mjini Butare uliofanywa na wanamgambo aliokuwa na mamlaka juu yao. Alihukumiwa kifungo cha maisha, na Desemba 2015 rufaa ikakipunguza hadi miaka 47. Ni mwanamke wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Waziri wa wanawake! Anayedhani kwamba elimu ya mwanamke, au cheo chake, ni chanjo dhidi ya chuki ajiulize amweke wapi mama huyu.

Na si yeye tu. Mtu wa kwanza kabisa kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo, Jean-Paul Akayesu, alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, kabla ya kuwa mkuu wa komuni ya Taba. Hukumu yake ya tarehe 2 Septemba 1998 ndiyo iliyotamka kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Inafaa kukumbuka jinsi jambo hilo lilivyoingia mahakamani, kwa sababu hati ya mashtaka ya mwanzo haikulitaja kabisa. Wanawake wa kijijini waliofika Arusha wakitambulishwa kwa herufi tu, kwanza shahidi J kisha shahidi H, ndio waliosimulia mambo yaliyotendeka Taba ambayo hakuna mpelelezi aliyeyaandika, na jopo la majaji watatu, ambalo Navanethem Pillay alikuwa mwanamke pekee ndani yake, likalifuatilia kwa maswali mpaka hati ikarekebishwa Juni 1997. Sheria ya kimataifa ilipata funzo lake kutoka kwa wakulima.

Shule iliyowalea watu kama Akayesu ilikuwa na kazi mbili. Ilifundisha kusoma na kuhesabu, na ilifundisha nani ni nani. Manusura wengi wamesimulia siku ambayo mwalimu aliingia darasani na daftari la mahudhurio akawataka Watutsi wasimame, na mtoto wa miaka saba au minane, ambaye nyumbani hakuwahi kuambiwa lolote, akasimama na kundi lisilo lake kwa sababu ndimo alimokaa rafiki yake, akarudishwa nyumbani akaulize. Mwaka 1973 wanafunzi wa Kitutsi walifukuzwa sekondari na chuo kikuu kwa orodha zilizobandikwa ukutani. Desemba 1990 gazeti la Kangura lilipochapisha zile zilizoitwa Amri Kumi za Wahutu, amri ya kwanza ilimhusu mwanamke wa Kitutsi, kwamba Mhutu anayemuoa au kumwajiri kuwa katibu wake ni msaliti, na amri ya sita ilihusu elimu, kwamba wanafunzi na walimu sharti wawe Wahutu kwa wingi wao. Waandishi wa amri hizo walijua vizuri kwamba njia ya kulishika taifa inapita kwenye ndoa na kwenye darasa.

Kwa hiyo kipimo cha elimu baada ya mwaka 1994 hakiwezi kuwa idadi ya wasichana waliokaa kwenye madawati pekee. Swali la kwanza ni kama darasa limeacha kuwagawa watoto, na jibu la mapema lililo zito kuliko yote lilitoka kwa wanafunzi wenyewe. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 waasi waliovuka kutoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa bado wakati huo, waliingia shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa nchi, wakati kidato cha tano na cha sita wakijisomea, wakawaamuru Wahutu wakae upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi, wavulana kwa wasichana, wakajibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Waliamriwa tena, wakakataa tena, na mabomu ya mkono na risasi zikafuata. Sita walikufa, wengi wakajeruhiwa. Nyange ni mahali palepale ambapo, Aprili 1994, kanisa lilibomolewa kwa tingatinga juu ya watu wapatao 2,000 waliokimbilia humo. Leo wanafunzi hao wamo katika daraja la mashujaa linaloitwa Imena, daraja hilohilo alimo Agathe Uwilingiyimana, na sioni kuwa ni sadfa tu kwamba waziri aliyeondoa mgao na vijana waliokataa kugawanywa wameorodheshwa pamoja.

Sasa tumtazame mama wa kijijini. Mauaji yalipokoma Julai 1994, baada ya zaidi ya watu 800,000 kuuawa kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, takriban theluthi moja ya kaya zilijikuta mikononi mwa wanawake. Kulikuwa na wajane wa manusura, ambao 50 kati yao waliunda chama cha AVEGA Agahozo mwanzoni mwa mwaka 1995. Kulikuwa na wasichana wadogo waliolea wadogo zao katika nyumba zisizo na mtu mzima. Na kulikuwa na wake wa watuhumiwa, kwani mwishoni mwa miaka ya 1990 magereza yalikuwa na watu zaidi ya 120,000, na mlo wa wengi wao uliletwa na jamaa zao: mwanamke alitoka alfajiri na chungu cha maharage na viazi kichwani, akatembea hadi gerezani, akapanga foleni, akarudi jioni shambani kwake. Makundi haya hayakupendana, na hakuna sababu ya kuigiza kwamba yalipendana. Yalichokuwa nacho kwa pamoja ni kwamba kila moja liliendesha maisha juu ya ardhi ambayo, kwa mila, haikuwa yake.

Mila ilisema shamba ni la ukoo wa mume. Mjane alikaa juu yake kwa ridhaa ya mashemeji, hasa akiwa hana mtoto wa kiume, na binti yatima aliweza kuona ami yake akihamia kwenye nyumba ya baba yake bila hata kubisha hodi. Sheria ya familia ya mwaka 1988 nayo ilimtaja mume kuwa mkuu wa nyumba. Wabunge wanawake wa bunge la mpito, waliokuwa wachache lakini waliounda jukwaa lao mwaka 1996, walishirikiana na vyama vya wanawake wakadai sheria ya mirathi, na Novemba 1999 ikapatikana: watoto wa kike na wa kiume wakawa na haki sawa ya kurithi, na wanandoa wakapewa nafasi ya kuchagua jinsi mali yao itakavyomilikiwa. Upinzani ulikuwa mkali, na si wote uliotokana na ubaya wa moyo. Katika nchi ya kilomita za mraba 26,338 ambako familia nyingi zinaishi kwa shamba lisilofika hekta moja, kaka aliyeuliza kwa nini dada yake aende na kipande cha shamba kwa watu wengine alikuwa anauliza pia watoto wake watakula nini.

Naiweka sheria hiyo ya 1999 juu ya takwimu zote za bunge, na ifahamike kwamba ilipitishwa wakati wanawake walikuwa bado ni wachache bungeni. Shamba likiwa na jina la mama, mama anaweza kulikodisha msimu mmoja alipe sare na madaftari, anaweza kuliweka dhamana, na muhimu zaidi, anaweza kumwambia shemeji kwamba binti hataacha shule ili aolewe. Upimaji wa ardhi wa nchi nzima uliokamilika mwaka 2013 ulisajili zaidi ya vipande milioni kumi, na mke aliyefunga ndoa ya serikali aliandikwa pamoja na mumewe. Aliyeishi na mwanamume bila ndoa kusajiliwa, nao ni wengi, alipita pembeni mwa daftari hilo, kama walivyopita wake wadogo wa ndoa za mitala, ambazo sheria haizitambui.

Upande wa shule, mambo yalikwenda kwa kasi ambayo majirani tungeweza kuionea wivu. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2003; elimu ya msingi ya miaka tisa ikaanza mwaka 2009, na ya miaka 12 mwaka 2012, wananchi wakibeba matofali ya madarasa siku za umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii. Shule ya wasichana ya FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika, iliyofunguliwa mwaka 1999 ikiwa na mkazo wa sayansi, iko Gisozi jijini Kigali, kitongoji kilekile chenye makumbusho yanapolala mabaki ya watu zaidi ya 250,000. Wasichana leo ni sawa na wavulana, au wanawazidi kidogo, katika uandikishaji wa shule za msingi na sekondari. Pengo limehamia juu, kwenye uhandisi na vyuo vya ufundi, na limehamia pia kwenye lugha, kwa kuwa uamuzi wa mwaka 2008 wa kuondoka Kifaransa kwenda Kiingereza ghafla uliwakuta walimu wa vijijini hawajui lugha waliyotakiwa kufundishia. Hilo lilimuumiza zaidi mtoto ambaye nyumbani hana kitabu wala taa, na aghalabu baada ya kazi za jioni mtoto huyo ni wa kike.

Lakini liko kundi moja ambalo mfumo huu mpya, pamoja na nia yake njema, ulilipanga upya kwa kigezo cha kuzaliwa. Mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa alikadiria mwaka 1996 kwamba wanawake na wasichana kati ya 250,000 na 500,000 walibakwa. Wengi waliambukizwa virusi vya UKIMWI, na kwa miaka kadhaa ilikuwa aibu inayojulikana kwamba watuhumiwa waliokuwa kizuizini Arusha walipata dawa za kufubaza virusi huku wanawake waliotoa ushahidi dhidi yao wakifa vijijini bila dawa. Maelfu ya watoto walizaliwa, na makadirio huanzia 2,000 hadi zaidi ya 10,000. Mwaka 1998 serikali iliunda mfuko wa manusura uliojulikana kama FARG, na kazi yake kubwa ikawa kulipa ada za yatima na watoto wa manusura wasiojiweza. Ulisomesha vijana wengi sana, na hilo lisipuuzwe. Ila sheria ilimtambua manusura kuwa ni mtu aliyelengwa kati ya tarehe 1 Oktoba 1990 na 31 Desemba 1994. Mtoto aliyetungwa tumboni kwa ubakaji wa Aprili, Mei au Juni 1994 alizaliwa mwaka 1995.

Fikiria basi nyumba moja yenye watoto wawili wa mama mmoja. Mkubwa, aliyezaliwa mwaka 1991, ni mtoto wa mume aliyeuawa, na mfuko unamlipia bweni, godoro na vitabu mpaka amalize. Mdogo, aliyezaliwa Februari 1995, si manusura mbele ya sheria. Shule ya msingi anaipata, kwa kuwa ada imeondolewa akiwa na miaka minane, lakini ukifika wakati wa sekondari, kabla mpango wa miaka 12 haujaanza, ni lazima mama atafute fedha, na akitaka kuomba msaada kokote ni lazima aeleze baba wa mtoto huyu ni nani. Wanawake wengi walikuwa wamelificha jambo hilo kwa mtoto mwenyewe. Wengine walilificha kwa mume waliyeolewa naye baadaye. Fomu ya ada ikawa ndiyo inayowadai siri ambayo hawakuitoa hata kwenye gacaca, mahakama za jamii za kusikiliza kesi za mauaji hayo, ambako kesi za ubakaji zilipelekwa mwaka 2008, zikasikilizwa faraghani, katika mahakama zilizofungwa Juni 2012 baada ya kupitia kesi karibu milioni mbili. Mashirika binafsi yaliziba sehemu ya pengo hilo. Dola iliyoapa kwamba haitagawa tena nafasi za shule kwa ukoo wa mtu ilijikuta, kwa tarehe moja iliyoandikwa katika sheria, imemtenga mtoto kwa sababu ya baba yake.

Hapa ndipo ninapoona ufinyu wa hesabu ya viti. Bunge lenye wanawake wengi limekuwapo tangu mwaka 2008, na tarehe ile ya 31 Desemba 1994 haikuguswa. Bunge hilohilo lilipitisha mwaka 2009 sheria ya kazi iliyobakiza wiki sita tu za likizo ya uzazi yenye mshahara kamili, na aliyetaka kubaki nyumbani wiki sita zaidi akalipwa asilimia 20. Ilibidi kusubiri mwaka 2016 mfuko wa bima ya uzazi uanze kuifidia. Kifungu kilichomfanya mume kuwa mkuu wa nyumba nacho kilidumu mpaka 2016. Si kwamba wabunge hao hawana uwezo, bali bunge la Rwanda halina desturi ya kupingana na Ikulu, na wanawake waliojaribu kushindana nayo nje ya mpango wanajulikana. Victoire Ingabire alirudi nchini Januari 2010 akitaka kugombea urais, akaishia gerezani hadi aliposamehewa Septemba 2018, na mwaka 2025 akakamatwa tena. Diane Rwigara alizuiwa kugombea mwaka 2017, akakamatwa, akaachiwa na mahakama mwaka uliofuata, na mwaka 2024 akazuiwa tena. Kiti ambacho mtu anakalia kwa sharti la kutouliza maswali fulani hakimfikishi mbali mama mwenye fomu ya ada mkononi.

Watoto wa 1995 sasa wamepita miaka 30, na ada si shida yao tena, bali shida ya watoto wao. Kilichobaki kwao ni ardhi. Sheria inampa kila mtoto haki ya kurithi wazazi wake, lakini hawa hawana upande wa baba wanaoweza kuuendea, na upande wa mama una wajomba na binamu walioota mizizi kwenye shamba la babu tangu mwaka 1995, wanaojua kwa nini kijana huyu hafanani na mtu wa ukoo. Mama akiwa hai anaweza kumkatia kipande. Akifa kabla ya kukata, kijana anakwenda mbele ya abunzi, wapatanishi wa kijiji, kuthibitisha kwamba ni mtoto wa nyumba hiyo. Wizara ya Umoja wa Kitaifa iliyochukua shughuli za FARG mwaka 2021 ina orodha za akina mama wanaohudumiwa, wengi wao sasa wazee na wagonjwa. Kuirekebisha tafsiri ya manusura ili iwaingize watoto hao, na kuwapa msaada wa kisheria wa lazima katika kesi za mirathi, kungegharimu fedha kidogo kuliko mkutano mmoja wa kimataifa unaoandaliwa Kigali, na wapo wanawake 51 wa kuipeleka hoja hiyo bungeni.